Mkunga Mwenye Bunduki

Wiki ya tatu tangu nihamie kwake, nilitoka nyuma ya nyumba kutafuta kamba ya kuanikia nguo. Nikafungua mlango wa banda, na macho yangu yakakutana na macho ya mnyama. Alikuwa amening'inizwa kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, tumbo limepasuliwa, na chini yake limewekwa beseni kama lile tulilofulia soksi. Nilirudi kinyumenyume hadi nikagonga mtu. Alikuwa mama mwenye nyumba wangu, amevaa kanga na sweta, mkononi ana kisu.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nishikie huu mguu."

Niliushika. Mpaka leo sijui kwa nini sikukimbia. Labda ni kwa sababu alisema kwa sauti ileile aliyoitumia kunionyesha jinsi ya kuwasha joto la nyumba. Nilishika mguu wa mnyama aliyekufa, nyuma ya nyumba moja ya Walthamstow, London, huku jirani wa upande wa pili wa uzio akimwagilia maua yake.

Watu wetu wote wa pale walimwita Mkunga, nami nitamwita hivyo. Alikuwa mkunga wa hospitali, miaka mingi, na wanawake aliowazalisha walikuwa wakimsimamisha sokoni kumwonyesha watoto waliokwisha kuwa warefu kumpita. Ukitembea naye katika mtaa ule mrefu wa soko, kununua ndizi za kupika kulichukua saa nzima. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na mwendo wake ulikuwa wa taratibu. Sauti yake hata akiwa amekasirika haikupanda. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nimetoka Morogoro miezi michache tu nyuma, na rafiki mmoja wa kanisani ndiye aliyeniambia kwamba Mkunga ana chumba. Hakuniambia habari ya bunduki.

Bunduki ilikaa katika kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, kwenye chumba chake cha kulala, na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Leseni alipewa na polisi baada ya kuhojiwa na kukaguliwa, na kila ulipofika wakati wa kuihuisha afisa alikuja, akahesabu risasi, akanywa chai, akaondoka. Wiki nzima Mkunga alikuwa wodini. Jumamosi alikuwa shambani, kusini, mwendo wa kama maili sabini kutoka mlangoni petu, akiwaongoza wageni wanaotaka kuwinda paa.

Namwita paa kwa kukosa jina jingine. Ni mkubwa kuliko paa wetu, anakaribia mbuzi, rangi yake kahawia, makalio yana doa jeupe. Wanakaa katika vichaka vya Uingereza kwa wingi ambao sikuudhania. Hula miche ya miti hadi msitu unashindwa kujizaa, na kwa kuwa hakuna tena mbwa mwitu wala dubu wa kuwapunguza, wenye mashamba hutafuta watu wa kuwapunguza kwa bunduki, kwa majira yaliyowekwa na sheria: madume kiangazi, majike wakati wa baridi. Wapo watu wa mjini wanaotamani kufanya hivyo na hawajui waanzie wapi. Hao ndio walikuwa wageni wa Mkunga.

Aliingiaje katika mambo hayo? Nilimwuliza mara nyingi na jibu lilikuwa fupi. Alimzalisha mke wa mkulima mmoja, aliyeshikwa na uchungu kabla ya siku zake akiwa London kwa dada yake. Mtoto alitoka vibaya lakini akapona. Mkulima akamkaribisha shambani kwake, na akiwa huko akamwona mtu mmoja anapiga paa ovyo, akamjeruhi, akamwacha hapo. Mkunga alimfuata yule mnyama vichakani hadi jioni, na viatu vyake vya kanisani. Aliporudi akamwambia mkulima kwamba kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye subira. Mkulima akamwuliza kama anamjua mtu kama huyo.

Sasa msikilize mtu huyohuyo akiona panya. Asubuhi moja alipanda juu ya kiti cha jikoni, akanishika bega, akaniambia kwa kunong'ona nimwite fundi. Panya alikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Nilipomwambia kwamba mtu anayepasua paa hadi banda zima linanuka damu hawezi kuogopa panya, alijibu kwamba paa hakimbilii kwenye sketi ya mtu. Mbwa pia aliwaogopa. Mkulima alikuwa na mbwa wawili wazee, wasio na meno ya kutosha, na kila tulipofika ilibidi wafungiwe kwanza ndipo Mkunga ashuke kwenye gari, na bunduki yake begani.

Wageni walishtuka kumwona, na yeye alikwisha kuzoea. Mmoja, mtu wa makamo mwenye kofia mpya, alimpa begi lake alipofika akamwuliza kiongozi yuko wapi. Mkunga akalibeba lile begi hadi mwisho wa shamba, akalitua, akaanza kumwonyesha namna ya kuegemeza bunduki kwenye fimbo tatu. 

Kabla ya mgeni kuruhusiwa kuingia kichakani, alipaswa kupiga karatasi ya shabaha. Risasi tatu, zote zikae mahali panapofunikwa na kiganja. Akishindwa, siku hiyo anatembea tu na darubini. Wengine walikasirika, walikuwa wametoka mbali. Mkunga aliwamiminia chai na kuwaambia kwamba kidole kina haraka kuliko jicho, na kwamba paa atakuwepo Jumamosi nyingine. Hakuruhusu mtu kupiga mnyama aliyesimama juu ya mgongo wa kilima, kwa sababu nyuma yake kuna anga, na risasi ikikosa haijulikani itamkuta nani. Nilimwona akiweka mkono wake mtupu mbele ya darubini ya bunduki ya mgeni, polepole, kama anamfunika mtoto uso jua lisimchome.

Na ilikuwepo sharti moja lililowakimbiza wengi. Aliyepiga lazima asimame karibu wakati mnyama anapasuliwa, na aangalie ndani, moyo, mapafu, ini, kila kitu. Asiyetaka kuangalia asipige. Aliwaambia hivyo kwenye simu kabla hawajaja, akarudia shambani, na bado wapo waliodhani ni maneno tu.

Kanisani habari hizi zilipokelewa vibaya mwanzoni. Tulikuwa na ibada ya Kiswahili Jumapili alasiri, na Mkunga aliimba sauti ya pili. Kuna mama mmoja aliyesema wazi kwamba mikono inayopokea watoto wa watu haifai kushika silaha.  Sikukuu iliyofuata Mkunga alileta sufuria ya pilau. Mchungaji alikula sahani mbili, akasifu mbuzi wa Uingereza. Alipoambiwa ni paa, na aliyempiga ni nani, alibaki ameshika kijiko hewani, na watu wote wakamtazama yeye badala ya Mkunga. Kisha akamalizia. Yule mama wa maneno makali ndiye aliyebeba mabaki kwenda nayo nyumbani.

Mimi nilianza kwenda naye shambani kwa sababu ya upweke. Nyumba ilikuwa kimya mno Jumamosi. Nilibeba chupa za chai na darubini ya akiba, nikajifunza kutembea bila kukanyaga vijiti, kusimama alipoinua kidole, kutazama kichaka kimoja muda mrefu hadi kijiti kikavu kilichokuwa hapo kikageuka kuwa sikio. Sikuwahi kugusa bunduki. Lakini nilizoea mambo mengi ambayo mwaka mmoja nyuma yangenifanya nipige kelele, na nikajidhania mtu wa moyo mgumu. Nilikuja kujua ukweli wangu mwezi wa Februari.

Mgeni wa siku ile alikuwa kijana wa benki, mpole, mwenye koti ambalo bado lilikuwa na lebo ya dukani. Mke wake alimlipia safari kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alipiga karatasi vizuri kuliko wageni wote niliowahi kuwaona. Tulitembea kando ya msitu jua lilipokuwa linachomoza, baridi imegandisha matope, na baada ya saa moja Mkunga akainua kidole. Jike lilikuwa limesimama ubavu, peke yake, nyuma yake mteremko wa udongo. Mkunga alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akapanga zile fimbo tatu, akamnong'oneza kijana asubiri hadi mguu wa mbele usogee, na akaniashiria nizibe masikio.

Paa aliruka mara moja, akakimbia hatua kumi, akaanguka. Mkunga akatazama saa yake. Ilikuwa desturi yake kusubiri dakika kumi kabla ya kumwendea mnyama, ili kama bado ana pumzi afe bila kuwaona watu. Kijana alikuwa anatabasamu. Tulikwenda, Mkunga akagusa jicho la paa kwa ncha ya fimbo, halikufumba. Akapiga magoti, akavaa glavu, akafungua tumbo.

Mfuko wa uzazi ulitoka wote pamoja na matumbo, umevimba, rangi yake ya lulu. Akaupasua kwa uangalifu. Ndani walikuwa wawili. Kila mmoja alikuwa na urefu kama wa kiganja changu, hawana manyoya, macho yamefumbwa, kwato zao laini na nyeupe kama ukucha wa mtoto mchanga. Mmoja alikuwa ameegemeza kidevu juu ya mgongo wa mwenzake.

Kijana wa benki alisema kwamba hakuambiwa. Mkunga akamjibu kwa Kiingereza, bila ukali, kwamba alimwambia kwenye simu, na akamwambia tena saa mbili zilizopita: mwezi huu majike wote wana mimba. Kijana akasema alidhani ni namna ya kusema tu. Akageuka, akainamia mti, na mabega yake yakaanza kutikisika.

 Mimi nilijikuta nimekaa kwenye matope, mikono yangu miwili imeshika tumbo langu chini ya koti, na sikuwa na habari kwamba nimelishika. Mkunga aliinua uso. Alinitazama usoni, akatazama mikono yangu, akanitazama tena usoni. Mikono yake mwenyewe ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko.

"Wiki ngapi?" akaniuliza.

Aliuliza kwa Kiswahili, na kijana pale mtini hakuweza kuelewa.

"Kumi na nne," nikasema.

Sikuwa nimemwambia binadamu yeyote. Mwanamume aliyenipa mimba alikuwa ameacha kupokea simu zangu tangu kabla ya Krismasi, na mama yangu Morogoro aliamini nasoma jioni. Mkunga alivua glavu, akaniinua, akanikalisha juu ya gogo mbali na harufu, akanivisha skafu yake. Kisha akarudi kwa kijana, akampa sepetu ndogo. Nilimsikia akimwambia achimbe. Walichimba wote wawili, wakawazika wale mapacha ndani ya mfuko wao, na kijana akauliza kama wanaweza kusema sala. Mkunga akasema anayetaka aseme.

Njiani kurudi nilimmwagia maneno yangu yote, tangu shamba hadi barabara kuu inapoingia London. Yeye aliendesha tu. Mara moja tu nilimwuliza, kwa hasira, anawezaje. Siku tano anapokea watoto, siku ya sita anafanya lile.  Akasema tukiwaacha wote wazae, mwaka wa tatu, baridi ikiwa kali, mtu atawakuta wamekufa njaa kandokando ya uzio, wadogo kwanza, na kwamba aliwahi kuwaona. Halafu akasema kwamba hata hivyo, kila Februari, Jumamosi usiku hali chakula. Nilikumbuka kwamba ni kweli. Nilikuwa nadhani anafunga kwa ajili ya ibada.

Baada ya siku ile alinishika kama mzazi. Aliniandikisha kliniki, akazungumza na msimamizi wangu kazini nisinyanyue wazee peke yangu, na alimpigia mama simu mwenyewe. Walizungumza saa nzima, mlango umefungwa. Sijui alisema nini, lakini mama aliponitaka kwenye simu hakunitukana. Mwanangu alipozaliwa, Mkunga hakuwa zamu lakini alikuja, akasimama kichwani pangu. Mtoto akatoka, wa kike, na akapita kwenye mikono yake kabla ya kuwekwa kifuani pangu. Kwa dakika moja niliiona ile mikono kama nilivyoiona msituni, na nikafumba macho. Sikumwambia. Nilipoyafumbua alikuwa anamfuta mtoto masikio, anamsalimia shikamoo kwa utani.

Miaka yote iliyofuata nilimshukuru Mungu kwa bahati ile. Niliwasimulia watu: angalia, mtu alinitambua kwa kuona tu nilivyoshika tumbo. Nilihamia Hounslow, upande mwingine wa London, nikapata kazi ya uuguzi huko, tukawa tunapigiana simu sikukuu, kisha sikukuu moja moja.

Vuli iliyopita nikasikia kanisani kwamba haendi tena shambani. Nikapanda treni hadi mwisho wa reli, nikamkuta jikoni. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akainuka kunipikia chai, na hapo nikaona mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka hata ukiwa umelala mezani. Nilimimina chai mwenyewe. Akasema ameshamwandikia barua afisa wa polisi, kabla hajaulizwa, kwamba hafai tena kushika bunduki. Wangekuja Alhamisi kuichukua.

Tuliongea habari za mwanangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akacheka. Kisha akaufunika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto.

"Siku ile ya Februari," akasema, "sikubahatisha. Nilikuwa najua."

Nikamwuliza alikuwa anajua nini.

"Kwamba una mimba. Kwa wiki tatu nilijua. Mtu anayefungua bomba la bafuni kila asubuhi ili asisikike akitapika, hana kiu."

Nilimwambia sielewi. Kama alijua, kwa nini alinipeleka kule, mwezi ule, anaojua vizuri kila jike lina mimba? Nilitaka aseme kwamba hakufikiri. Nilimwachia nafasi aseme hivyo.

"Nilifikiri," akasema. "Ulikuwa umejifunga, husemi, na kila siku unanyanyua wazee. Nilishampokea msichana mmoja wodini aliyeficha hivyohivyo hadi akatufikia amechelewa. Nilitaka uvunjike. Nikajua utavunjika pale."

Kijana wa benki, skafu, swali lile aliloliuliza kana kwamba limemjia wakati uleule. Nilivipitia kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa kimebadilika.  Nilimwambia kwamba mimi niliota wale mapacha miezi mitano. Nilimwambia kwamba nilipokuwa nasukuma niliwaona.

"Najua," akasema. "Ulifumba macho."

 Alitazama mlango wa jikoni, kuelekea ngazi za kwenda juu kwenye vyumba.

"Kutoka chumbani kwangu hadi mlango wako ni hatua sita," akasema. "Nimezihesabu mara nyingi. Ningegonga. Nikaogopa kugonga, nikakupeleka maili sabini."

Aliniomba nije Alhamisi, asiwe peke yake wakati polisi wanafungua kabati. Nikasema nitaangalia, kwamba siku hiyo nina zamu, na kweli nilikuwa nayo. Niliondoka bila kumaliza chai. Ndani ya treni nilimkasirikia hadi macho yakauma, na kila nilipopata neno kali la kumwandikia, nilimwona mwanangu mlangoni anavua viatu vya shule, mzima, na neno likanipotea. Halafu hasira ikarudi upya, kwa sababu nilihisi kwamba hata hilo alilihesabu. Sikulala vizuri siku tatu.

Alhamisi nilibadilishana zamu na mwenzangu. Nilifika kabla ya polisi. Alifungua mlango mwenyewe, kwa shida, akasimama pale amevaa gauni lake la Jumapili, na akanitazama kama mtu aliyeletewa habari asizozitarajia.

"Sikujua kama utakuja," akasema. "Nilitaka kukupigia simu jana. Nikasita."

"Ungepiga tu, Mama," nikamwambia. "Ungeniuliza."

Akasogea pembeni, nikaingia.